Kasomeno: Mwalimu aliyekwenda kutafuta mawe ya rangi Kambove

Kasomeno ni njia panda. Lori linalotoka Lubumbashi linasimama hapa, abiria wanashuka kununua mihogo na samaki wakavu, kisha njia inagawanyika. Moja inaelekea Kasenga, kwenye mto Luapula. Nyingine inapanda kaskazini kuelekea Kilwa na Pweto. Wengi wanapita tu. Wengine nao walifikiri watapita tu, lakini wakabaki.

Kati ya hao waliobaki kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Jina lake halitaandikwa hapa, ameomba hivyo mwenyewe. Alikuwa akifundisha upande wa Pweto, katika ile sehemu ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo: Mitwaba, Manono na Pweto. Kijiji chao kilipochomwa, aliondoka na mke wake na watoto watatu, wakaenda kwa miguu, kwa kinga na kwa lori, hadi kufika hapa. Leo anakaa katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja, na anauza makala kando ya barabara.

Mtoto wake wa mwisho ana miaka kumi na moja. Tangu siku ile ya kwanza ya safari, mtoto huyu anaokota mawe. Kila mahali walipolala aliokota moja na kulitia katika mkebe wa maziwa ya unga. Mama yake alimgombeza mara nyingi njiani, kwa sababu watu wanabeba unga na masufuria, yeye anabeba mawe. Siku moja alimgombeza kwa nguvu zaidi, akamnyang'anya kitu mkononi na kukiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai. Kilikuwa chuma cha duara chenye kutu, wala si jiwe. Vita vya mwaka 2000 vilipiganwa sana kule Pweto, na silaha zisizolipuka zilibaki katika vichaka na mashamba. Wazazi wa kule wanajua: mtoto anayeokota vitu lazima afundishwe kwanza vitu vya kutookota. Kitu cha chuma hakiguswi. Kinaachwa pale pale, mahali panakumbukwa, na mkubwa anaitwa.

Mkebe ulifika Kasomeno ukiwa umejaa.

Mwezi wa saba uliopita, wakati wa kiangazi, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akingoja lori lake litengenezwe aliona yale mawe yamepangwa kizingitini. Akacheka kidogo. Akamwambia mwalimu: «Papa, haya ni mawe ya mto, hayana faida. Mawe ya kuuza yako Likasi na Kambove. Ya kijani, ya bluu, ya pinki. Wazungu wanayaweka katika kabati la vioo. Kipande kama ngumi kinaweza kulipa masomo ya mtoto mwaka mzima.»

Shule ya msingi ya serkali ni bure katika nchi yetu tangu 2019, lakini ya sekondari inalipwa. Binti mkubwa wa mwalimu alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima. Ndiyo maana maneno ya yule mfanyabiashara hayakumtoka kichwani.

Na hayakuwa uongo mtupu. Mawe ya Katanga yanajulikana duniani. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari kama mbao iliyokatwa, linachongwa kuwa mayai, shanga na vibao vya sataranji vinavyouzwa Lubumbashi. Kuna dioptazi ya kijani kali inayong'aa kama kioo. Kuna kalsiti ambayo kobalti imeipa rangi ya waridi. Katika maonyesho makubwa ya mawe, kama yale ya Tucson huko Marekani na ya Sainte-Marie-aux-Mines huko Ufaransa, watu wanalipa pesa nyingi kwa vipande vizuri vilivyotoka katika udongo wetu. Jambo ambalo yule mfanyabiashara hakulisema ni kwa nini kipande kimoja kinalipwa na kingine kinatupwa.

Mwalimu aliazima nyundo kwa fundi wa kinga. Alipanda lori la makala hadi Lubumbashi, akachukua taksi-bisi ya Likasi, mwendo wa kilomita karibu 120, kisha akaendelea hadi Kambove. Hakuwa na ndugu pale. Hakumjua mtu hata mmoja. Alipata nafasi ya kulala kwenye veranda ya kanisa, na asubuhi akatoka na nyundo yake na mfuko wa unga mtupu.

Kuna msemo unaosema mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Siku ya kwanza mwalimu aliona kijani kila mahali. Kwenye malundo ya mawe yaliyotupwa na machimbo ya zamani, karibu kila jiwe lilikuwa na alama ya kijani. Alijaza mfuko nusu. Usiku, kwa mwanga wa simu, alikwangua moja kwa kisu. Kijani kilitoka chote, kikabaki kijiwe cha kahawia kama kile kinachojengewa nyumba. Ilikuwa rangi ya juu tu, kama rangi iliyopakwa ukutani. Malakiti ya kweli ni kijani hadi ndani. Akamwaga mfuko wote.

Siku ya pili alitembea mbali zaidi, hadi kwenye kilima kisicho na miti. Hakujua kwamba kilima cha namna hiyo kina maana. Watu wa Katanga walitafuta shaba miaka mia nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika, na hawakuwa na mashine. Waliangalia mimea. Mahali penye shaba nyingi miti inakataa kuota, panabaki majani mafupi na maua machache yanayovumilia, kama lile dogo la zambarau ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Wenyeji wakiona upara katikati ya msitu walijua chini kuna nini. Kutoka vilima kama hivyo walichimba malakiti, wakaiyeyusha kwa makaa, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilitumika kama pesa na kama mahari. Jules Cornet, mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji, alipofika Katanga na msafara wa 1891 hadi 1893, alikuta machimbo ya wenyeji tayari. Jiwe moja la bluu, lililotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi, linaitwa kornetiti kwa heshima yake. Hata mgeni mwenye masomo makubwa alitembea juu ya njia ambazo wengine walizijua.

Kwenye kilima kile mwalimu aliokota jiwe ambalo hakuwahi kuona mfano wake. Lilikuwa dogo, lakini zito kupita ukubwa wake. Ndani lilikuwa jeusi, na juu limefunikwa na unga mkavu wa njano kali, na upande mmoja chungwa. Alilifunga katika kitambaa, akalitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Jioni alilitoa mara tatu kuliangalia. Alifikiri: hili ndilo masomo ya binti.

Siku ya tatu alikamatwa.

Alikuwa ameingia, bila kujua, katika eneo la kampuni moja. Hapakuwa na ukuta, palikuwa na kibao tu kilichoanguka. Walinzi wawili walimsimamisha. Nyundo mkononi, mfuko begani, hana karatasi, lugha yake ina mwendo wa kaskazini. Wakamwuliza anatoka wapi. Akasema Kasomeno. Wakamwuliza kwao ni wapi. Akasema Pweto. Wakaangaliana. Alikaa katika kibanda chao kuanzia saa nne asubuhi hadi jua kuzama, bila maji, na simu yake mikononi mwa mtu mwingine.

Hapa msikilizaji ajue sheria inasema nini, kwa sababu wengi wanaingia katika shida hii kwa kutojua. Sheria ya madini ya Kongo ni ya mwaka 2002, na ilirekebishwa mwaka 2018. Inasema mchimbaji wa mkono lazima awe Mkongomani mtu mzima mwenye kadi, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Eneo la kampuni si la kila mtu, hata kama halina ukuta. Kununua na kuuza madini pia kunataka kadi. Mtu aliyekutwa na mfuko wa mawe begani hataulizwa kwanza kama ni mkusanyaji wa mawe mazuri au mwizi wa shaba. Kazi ya kujieleza itakuwa yake, na kama yeye ni mgeni asiyejulikana na mtu, ataieleza kwa nani?

Jioni walinzi walimwita mkubwa wa kartie. Mkubwa wa kartie naye hakujua mawe, akatuma watu wamwite mzee mmoja aliyefanya kazi Gécamines zaidi ya miaka thelathini. Mzee alifika na kiti chake cha plastiki. Hakuanza na mawe. Alimsalimu mwalimu, akauliza habari za safari, akauliza watoto ni wangapi, akaomba mgeni apewe maji. Kisha akasema: «Sasa tuonyeshe ulichookota, baba.»

Mfuko ulimiminwa chini. Mzee aligusagusa kwa fimbo. Hili halina kitu. Hili halina kitu. Hili ni heterojeniti, nyeusi, ndiyo kobalti wanayochimba vijana. Huyu mkusanyaji wa kabati haitaki, ila walinzi wataitaka sana. Watu wakacheka, na mwalimu akacheka kidogo pia. Kisha akatoa kitambaa katika mfuko wa shati na kukifungua.

Mzee aliacha kucheka. Alimwambia aweke lile jiwe kule, mbali, juu ya tofali, na watoto waliokuwa wakiangalia wasogee nyuma. Aliomba maji na sabuni. Alimnawisha mwalimu mikono, akanawa yeye mwenyewe, ingawa hakuwa ameligusa. Akauliza: «Umelikaa nalo siku ngapi?»

«Moja, mzee. Tangu jana.»

«Umelilamba? Umelivunja?»

«Hapana.»

«Basi shukuru. Ungelipeleka nyumbani ungelilaza wapi?»

Mwalimu hakujibu. Alijua lingelala wapi. Lingelala katika mkebe wa maziwa, chini ya mkeka wa mtoto.

Mzee akamweleza habari za Shinkolobwe, mgodi ulio upande wa magharibi ya Likasi. Urani ya pale iligunduliwa mwaka 1915. Kwanza watu walitafuta ndani yake radiamu, na urani ikatupwa kama takataka. Kisha vita vya pili vya dunia vikafika, na urani ya Shinkolobwe ikapelekwa Marekani, ikatumika katika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 2004 serkali ilifunga mgodi ule kwa wachimbaji wa mkono, na mwaka huo huo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Lakini urani haiko Shinkolobwe peke yake. Imeonekana Swambo, Musonoi, hata Luiswishi karibu na Lubumbashi. Inatembea pamoja na shaba na kobalti, na ni nzuri kwa macho: njano, chungwa, kijani kinachong'aa. Wakusanyaji wakubwa wa ng'ambo wanaitaka, nao wanaiweka katika masanduku maalumu, wanaipima kwa mashine. Mtu wa kawaida hana mashine hiyo. Jiwe hilo halina harufu, haliunguzi mkono, halilii. Madhara yake yanakuja polepole kwa yule anayelala nalo chumbani au anayelivunja na kuvuta unga wake.

Si kila jiwe la njano ni urani. Udongo wenye chuma nao una njano. Lakini kwa macho peke yake mgeni hawezi kutofautisha, na hata mwenyeji anaweza kukosea. Kwa hiyo mzee alitoa kanuni fupi: jiwe zito kuliko inavyopasa, lenye unga wa njano au chungwa au kijani kikali, liache pale lilipo. Kama umekwisha kulishika, usilivunje, nawa mikono, usilitie katika nyumba, na uliza watu wa geologia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina idara ya kazi hiyo.

Walinzi walimrudishia mwalimu simu yake. Mawe yalibaki. Usiku ule alilala kwa mzee, akala bukari na sombe, na hapo ndipo aliposikia jambo ambalo anasema lilikuwa na faida kuliko jiwe lolote.

Mzee alimletea sanduku la mbao. Ndani kulikuwa na vipande vichache tu, kila kimoja kimefungwa na karatasi. Katika karatasi palikuwa na jina la mgodi, kina cha shimo, tarehe. Mzee akamweleza kwamba alipokuwa kijana aliwaona wahandisi wa Kibelgiji wakifanya hivyo, na hakuelewa. Baadaye akaelewa. Mkusanyaji wa kweli anaponunua jiwe, swali lake la kwanza linahusu mahali, rangi inafuata baadaye. Limetoka wapi? Mgodi gani? Nani alilitoa, na mwaka gani? Kipande kizuri kisicho na mahali kinapoteza thamani, kwa sababu hakuna anayeweza kusema habari yake tena. Kipande cha wastani chenye karatasi ya kweli kinabaki na thamani. «Ukiokota bila kuuliza,» mzee alisema, «umebeba uzito tu.»

Asubuhi alimpa kipande kimoja cha malakiti, kidogo kama kidole gumba, pamoja na karatasi yake, na akamwandikia barua fupi kwamba ni zawadi kutoka kwake, kusudi asisumbuliwe tena njiani.

Mwalimu alirudi Kasomeno siku ya sita. Hakuwa na pesa. Nauli ilikuwa imekula akiba yote ya makala, na binti hakurudi shuleni mwezi ule. Mke wake hakumlaumu mbele ya watoto. Alimwambia tu: «Baba watoto, ungefika huko na kuuliza kwanza, ungerudi siku ya pili.» Mwalimu anakubali. Anasema angekwenda kwa mkubwa wa kartie siku ile ile ya kufika, aseme jina lake na kazi yake na kilichomleta, aombe mtu wa kumwongoza. Hata kama angeambiwa hapana, angeambiwa bila kukaa katika kibanda siku nzima. Na lile jiwe la njano lisingekaa juu ya moyo wake usiku mzima.

Familia nyingi zilizohama zinaelewa hili bila kufundishwa. Ukifika kijiji cha watu, unauliza kwanza maji yanachotwa wapi, shamba la nani liko wapi, njia ipi haipitwi usiku. Hukati mti bila kuuliza. Lakini mawe yanadanganya, kwa sababu yamelala chini na yanaonekana kama hayana mwenyewe.

Jioni ile mtoto alileta mkebe wake. Alitaka kuona malakiti, akaishika, akaigeuza, akauliza karatasi ni ya nini. Baba akamweleza. Mtoto akaangalia mawe yake mwenyewe, yale ya mto yaliyochekwa na mfanyabiashara, akasema: «Papa, na haya tuandikie.»

Basi wakakata karatasi za daftari. Mtoto alikuwa akitoa jiwe moja moja, na mwalimu anaandika. Hili jeupe la mviringo ni la ufuko wa ziwa Mweru, Pweto. Hili lenye mstari ni la Lukonzolwa, walipolala siku mbili kwa sababu ya homa ya mama. Hili la Kilwa, sokoni. Hili jekundu ni la njiani, mahali lori lilipoharibika. Hili la hapa Kasomeno, siku ya kufika. Hakuna hata moja linaloweza kuuzwa. Lakini kila moja lilikuwa na mahali pake na siku yake, na watu watano wa kushuhudia.

Likabaki moja la mwisho, chini kabisa ya mkebe, dogo na la kijivu. Mtoto alilijua kuwa ni la kwanza, lile la nyumbani. Aliliokota asubuhi waliyokimbia. Lakini jina la kijito hakulikumbuka. Alikuwa mdogo mno. Mwalimu naye alinyamaza, kwa sababu kazi yake ilikuwa darasani, na vijito vya pale alivivuka tu.

Mama alikuwa nje akipepeta unga. Akasema bila kugeuka: «Mimi nilikuwa nafua nguo pale kila juma.» Akalitaja jina la kijito, na la upande wa kijiji, na la mti uliokuwa ukingoni. Mwalimu akaandika yote matatu, akaifunga karatasi kwenye jiwe kwa uzi.